Kata, Kataa

Mvua ya Todmorden haikatiki.
Inashuka mlimani, inapiga paa la vioo,
inajaza pipa la buluu, pipa linafurika,
na sisi wawili ndani, mabega yamegusana,
tunakata.

Bi Doreen Hebblethwaite:
wiki mbili nilijifunza kulitamka jina hilo
huku nikiosha vyungu.
Yeye la kwangu hakulipa hata dakika kumi,
alilipogoa pale pale:
Mwanatumu likabaki Mwana.
Nikanyamaza. Mwana si neno baya,
ila nina miaka arobaini na tatu
na goti linalobashiri baridi.

Alinipa mkasi wake wa zamani,
springi imefungwa uzi wa nailoni.
"Tafuta jicho," akasema, "jicho linalotazama nje.
Kata juu yake kidogo, mshazari,
maji yateremkie upande wa pili.
Ukikaribia mno, jicho linakufa.
Ukienda mbali, unaacha kisiki kioze."
Waridi la kwanza nililikata
kama mtu anayenyoa mtoto wa jirani.
Akaja, akatazama. "Zaidi."
Nikakata. "Zaidi."
Vikabaki vijiti vitatu, vifupi kama vidole,
nikaona haya mbele ya mmea.

Kwetu Pangani neno hili lina kazi kuliko mkasi.
Tunakata kiu, tunakata kona, tunakata shauri.
Tiketi nilikata nikiwa na sanduku moja.
Mtu hukata tamaa; mwisho wa yote hukata roho.
Na Novemba, ofisini kwa wakili, Halifax,
nilikata rufaa,
kwa ajili ya Makame, aliyenyimwa viza
kwa kuwa taarifa yake ya benki
ilipungua ukurasa mmoja.
Ukurasa mmoja! Bi Doreen aliposikia
alitoa tusi ambalo sikufundishwa darasani,
kisha akanipa trei ya lavenda niihesabu.

Wiki ile ile tulichukua vipandikizi
vya waridi lililotambaa ukutani
mwa kanisa linalobomolewa, kando ya mfereji.
Hakuna aliyejua jina lake.
Vijiti arobaini, urefu wa penseli.
Chini kata bapa, juu kata mshazari,
usije ukampanda mtu kichwa chini.
Tukavichomeka kwenye mchanga, safu nne,
jalidi ikavipitia, theluji ikavipitia,
paka wa jirani naye akavipitia, kwa shughuli zake.

Aprili vikatoa majani.
Nikapiga kelele, nikamwita, nikampigia Makame
usiku wake wa manane, nikimwonyesha kwa kamera.
Bi Doreen hakuinua kichwa.
"Majani si ushahidi," akasema.
"Kijiti hula akiba yake, kikajipamba,
na chini hakina kitu. Ngoja."

Tumengoja. Leo ni tarehe tisa Juni,
mvua, kama nilivyosema.
"Usikichimbue," ananielekeza kutoka kwenye kiti,
maana vidole vyake sasa haviwezi hata kifungo.
"Kivute. Polepole. Kitakujibu chenyewe."

Nikashika cha kwanza kwa vidole viwili.
Kikaja chote, chini cheusi, kimeoza.
Cha pili kikaja.
Cha tatu, pamoja na majani yake mazuri, kikaja.
Nikaacha kuhesabu kwa sauti.
Cha kumi na moja nikakivuta
na kikakataa.

Kata, ongeza herufi moja tu.
Nikavuta tena, kidogo, kwa adabu.
Kikakataa tena.

"Mwana! Vingapi?"
"Kimoja," nikasema. "Na mimi naitwa Mwanatumu."
Kimya, mvua tu juu ya vioo.
Kisha, kwenye kiti, "Mwa-na-tu-mu,"
anavuta silabi moja moja
aone kama limeshika.

Barua ya rufaa haijaja.
Nikafuta mikono kwenye aproni,
nikahamia cha kumi na mbili.