Kwa Kujua

Walibisha hodi saa kumi na mbili asubuhi,
wawili, makoti ya buluu,
wakafuta viatu mlangoni kama wageni wa Jumapili.
Lorna akawapa kahawa. Hilo kosa la kwanza.
La pili, aliwajibu.

Mdomo huponza kichwa,
na kichwa cha mke wangu kimebeba miaka kumi na tisa
hesabu za ghala la mahindi la kina Hruska:
uzito, unyevu, bei, jina la mkulima.

Kisha hati ikaja.
Niliisoma nimesimama kando ya sanduku la barua,
theluji ikiniingia shingoni:
*Marekani dhidi ya Lorna Vavra.*
Marekani yote! Milima yake, manowari zake,
Alaska ambayo hatujawahi kuiona,
dhidi ya mwanamke wa kilo hamsini na mbili
anayeogopa kuendesha gari usiku.

Mashtaka manne. Njama, moja.
Ulaghai kwa njia ya waya, matatu.
Waya gani? Hapa Nebraska nina waya wa ng'ombe tu.
Barua pepe nayo ni waya, nikaambiwa,
na kila barua ina shtaka lake.
Miaka ishirini kwa kila moja, wasizidishe.
Nikajumlisha nyuma ya mfuko wa mbegu:
themanini. Lorna ana hamsini na nane.

Wakili wa kwanza alimnasua mpwa wetu
kwenye kesi ya ulevi barabarani.
Picha yake iko ubavuni mwa basi, meno mengi.
"Hii nitaizima kabla ya Pasaka," akasema,
mkono juu ya bahasha
ambayo gundi yake ilikuwa haijabanduka.

Tukaondoka. Lorna ndiye aliyeiona ile gundi.

Corinne Haldeman yuko Omaha, juu ya duka la miwani.
Miaka tisa alikuwa upande wa serikali, akishtaki.
"Najua wanavyopika," alisema. "Nilikuwa jikoni."
Hakuanza na pesa.
"Tangu siku ile mmezungumza na nani?"
Nikamtajia: kinyozi, dada yangu Blanka, mchungaji,
Hruska mwenyewe, mara mbili, kwa simu.
Kila jina aliliandika,
na kwenye la Hruska kalamu ikasimama.

Nilingoja aahidi kitu,
kama mtu angojavyo chenji yake kaunta.
Hakuahidi.
Themanini ni dari, alisema, na watu hawaishi darini;
kuna jedwali, kuna hasara itakayobishaniwa, kuna jaji.
Kuna kukiri, nako kukiri kuna bei na siku yake.
Akataja ada.
Nikaliona trekta likitoka uani bila dereva.

Mwisho akaweka kidole juu ya maneno mawili: *kwa kujua.*
"Kesi inalala hapa," alisema. "Mengine ni ua na banda."
Akaniomba nitoke.

Mficha uchi hazai, sawa,
lakini kuna uchi ambao hata mume hafunuliwi.
Dakika hamsini nilikaa dirishani koridoni
nikitazama watu wakitoka dukani na miwani mipya,
wakisimama kwanza, wakiyashangaa matawi.

Lorna alitoka macho makavu. Hatukusema kitu
hadi taa za Lincoln zikabaki nyuma.

Sasa ni usiku. Anaosha vikombe,
vilevile walivyonywea wale.
Miaka thelathini na moja nimelala kando ya pumzi yake;
mafua yake nayajua kabla yeye hajapiga chafya.
Mahindi yangu pia yalipita kwenye mizani ile.
Swali liko hapa, chini ya ulimi,
na Corinne amesema: usimwulize, Emil, si wewe.

Basi nauliza, "Kesho itaanguka theluji?"

Anafunga bomba.
"Sijui," anasema.

Na neno hilo nalishika kiganjani,
nalipima kama walivyopima mahindi yangu,
nikikisia unyevu.