Kwa Penseli

Miaka mitatu nimeandika ratiba ya skuli yetu ya Wingwi,
na kila Jumanne, saa tatu na nusu,
Fizikia, Fomu Tatu, mbele yake pana kistari.
Kistari hakifundishi.
Huingia mimi, mwalimu wa Historia,
na kitabu kimoja kwa vichwa hamsini na viwili;
naandika ubaoni, wananakili.
Siku moja nilichora mwale ukiingia majini,
nikaupinda upande usio wake.
Mmoja alijua. Akanyamaza kwa adabu.

Afisa akaja kutoka Chake na bahasha ya kaki:
ufadhili, ada na malazi na nauli ya boti,
kwa atakayesomea kufundisha hesabati au sayansi,
kisha arudi, atumikie miaka mitano.
"Nipe majina matano," akasema.
Nilikuwa nalo moja.

Mkasi Shaame alitaka duka la dawa, lenye kioo na feni.
Tulimkuta mama yake, Bikombo, anapima karafuu.
"Miaka mitano ni pishi ngapi?" akaniuliza.
Nikasema ualimu ni wito.
"Wito haufuti deni la dukani. Taja mshahara."
Nikautaja.
Akarudia kupima, toka mwanzo.
Mkasi ndiye aliyesema, bila kuniangalia:
"Ule mwale, mwalimu, uliupinda siko."
"Mbona hukuniambia?"
"Ulikuwa umechoka. Na hatukuwa na mwengine."
Kisha akaomba kalamu.

Barua yake ya kwanza kutoka Unguja:
*Nimefundisha wenzangu dakika arubaini.
Nimefuta ubao kwa kiganja, buibui jeupe.
Mkufunzi kahesabu: nimeuliza "mmeelewa?" mara thelathini na moja.
Kaniambia hilo si swali, hicho ni kikohozi.*

Mwezi wa saba akaja kwa mazoezi, wiki nane.
Hakuleta maabara.
Alileta bakuli la mama yake, jagi la maji, sarafu ya mia mbili.
Sarafu ndani ya bakuli. "Rudini nyuma mpaka isionekane."
Wakarudi, wakagonga ukuta.
Akamimina maji, taratibu,
na sarafu ikapanda, ikawatazama.
"Uchawi!" akapiga kelele Faki.
"Basi ufanye wewe," akampa jagi.
Akafanya Faki, akafanya na jirani yake,
sakafu ikalowa, kelele zikafika ofisini.
Chumu, ambaye mwaka mzima sijaisikia sauti yake, akauliza:
"Na maji ya chumvi je?"
Mkasi akasita kidogo.
"Sijui," akasema. "Tupime."

Nilikuwa dirishani, chaki inanivunjikia mkononi.
Miaka ishirini na miwili darasani
na neno hilo, sijui,
sijapata kulitamka mbele ya watoto.

Amerudi chuoni. Umebaki mwaka na nusu.
Jana nimepanga ratiba mpya,
na pale penye kistari nimeandika M. Shaame, kwa penseli.
Mkuu wa skuli kauliza kwa nini si wino.
Nikamjibu: wanaweza kumpeleka Makangale,
na lile duka la dawa bado lina feni.
Lakini nimeikandamiza.
Geuza karatasi, pitisha kidole nyuma yake:
utalisoma jina.