Chapa ya Emesa

Kaisari si kazi ngumu.
Shingo nene, pua, shada la majani kichwani.
Akifa mmoja nabadilisha pua tu,
shingo ile ile inamtosha ajaye.
Miaka kumi na tisa nimekula mkate wa pua.

Leo kuhani kaniletea agizo:
nyuma ya dinari achongwe Yeye,
jiwe jeusi la hekaluni,
juu ya gari la farasi wanne,
miavuli minne pembeni, tai mbele yake.

Farasi nawaweza. Tai namweza, manyoya na kucha.
Ila Yeye, nimshike wapi?
Hana paji, hana kidevu,
hana hata sikio la kuanzia.
Nikachora. Zabdibol, kijana wangu wa mvukuto, akacheka:
"Bwana, huu mzinga wa nyuki."
La pili likatoka yai.
La tatu, mkate uliosahauliwa tanurini.

Usiku nikamwuliza mama.
Aqmat hajaona jua tangu mwaka wa nzige,
lakini kila mwezi uandamapo hushikwa mkono hadi hekaluni
akalipake jiwe mafuta kwa viganja.
"Likoje, mama?"
Akanyonya ufizi.
"Asubuhi lina baridi. Jioni lina joto.
Pana kibonyeo upande wa kushoto, kidole changu kinaenea.
Mengine sijui. Sikwenda kulipima."

Basi nikachimba.
Maana chapa ni kinyume: ukitaka kitu kisimame kwenye fedha,
kwenye chuma unakichimbia shimo.
Nikafukua, nikapuliza vumbi, nikafukua,
nikamtengenezea mungu pahali pa kutokuwepo.
Na upande wa kulia, kwa kuwa kushoto huzaliwa kulia,
nikaacha punje ya chuma nisiiguse.

Nyundo ikashuka.
Dinari ya kwanza nilimpa mama ingali na moto.
"Farasi wako wana miguu mingi mno," akasema.
Kisha kimya,
kidole kimetulia pale kushoto.

Fedha ile ikaenda zake, kwa kodi, kwa mvinyo,
kwa askari wa mito nisiyoijua.
Juzi sokoni imenirudia. Mama hayupo.
Nimeitambua kwa kovu la ukingoni.
Kaisari hana pua tena, wala shingo:
vidole vya watu vimemlamba
hadi kabaki donge laini lisilo uso.
Naigeuza, naigeuza tena.
Huku Yeye, na huku Yeye.

Muuza vitunguu ananiuliza
kama naitoa au siitoi.