Nani Alilipima Jiwe?

Bahasha ilishuka na basi la Masasi.
Kondakta akaipapasa, akaniuliza kama ni mbegu.
Nikasema ndiyo.
Sikutaka maelezo marefu pale stendi ya Newala,
na umri wangu huu, arobaini na tisa.

Ukurasa wa kwanza, swali la kwanza:
Unajuaje kwamba unajua?

Mimi ni karani wa mizani, mwaka wa kumi na nane sasa.
Korosho naijua kwa sikio. Naitikisa ngumini:
ikilia, ni kavu, ni daraja la kwanza;
ikinyamaza, ina maji bado, irudi juani.
Sijawahi kuulizwa najuaje.

Hapana. Niliulizwa.
Msimu uliopita, Somoe Chilumba na gunia lake.
Sabini na nne, nikasoma.
Nyumbani ilikuwa themanini, akasema.
Mizani haidanganyi, bibi.
Akanikazia macho: Imekwambia yenyewe?
Foleni nzima ikacheka.
Nikaandika sabini na nne, nikachana stakabadhi.
Nilijiona bora kuliko wale wa kangomba
wanaopima gizani kwa bakuli,
na bakuli lina tumbo la mwenyewe.
Mimi nilikuwa na namba.

Usiku tunagawana taa na Shaibu.
Yeye ana hesabu za kidato cha pili,
mimi nafuata mstari kwa kidole kama mtoto wa chuoni.
Kuna neno nimelirudia mara sita.
Ni korosho mbichi: ukiling'ata kwa pupa
linakuachia midomo yenye malengelenge.

Kila mwaka huja afisa wa vipimo
na jiwe lake la chuma, kilo ishirini.
Analipandisha, anaguna, anagonga muhuri.
Nami namletea soda.
Na hilo jiwe?
Lilipimwa mjini, kwa jiwe jingine.
Na hilo jingine?

Nikafunga kitabu. Nikaenda kuangalia kama dumu la maji limefunikwa.
Lilikuwa limefunikwa. Nikarudi, nikakifungua.

Mama, kwani hii inalipa? Shaibu, bila kuinua kichwa.
Sijui, nikamjibu,
na neno lenyewe likanishtua:
ada ya muhula mzima, nimeanza na hilo.

Kesho saa mbili nafungua ghala.
Somoe atakuja, msimu umeshaanza.
Nitasoma namba kama ilivyo,
sina nyingine.
Ila kalamu itachelewa kidogo.