Hatua Arobaini

Viatu vyetu vya mpira vinakaa mlangoni, Kilembe,
jozi mbili nyeusi, soli zimelika upande:
vyako kwa nje, vyangu kwa ndani.
Fundi alipoviona alicheka. Akasema, hawa wawili
mmoja anaukimbia mlima, mwingine anaukumbatia.
Hakusema nani ni nani.

Wewe Thembo, mtoto wa tano,
umezoea kutembea nyuma ya kaka zako,
kwa hiyo njia nzima nasikia pumzi zako kisogoni
na kijiko kikigonga ndani ya kikombe cha bati,
ng'a, ng'a, mpaka nakichukia kikombe,
mpaka kikinyamaza nageuka upesi
kuona kama bado upo.

Watu huuliza: mnatafuta nini huko juu?
Mmetumwa? Kitasamba ni shangazi yenu?
Mama yako alisema mke wa kweli hupanda kutafuta kuni
na hushuka na kuni.
Sisi hushuka na tope, na mafua, na njaa,
na mwaka mmoja na habari za kinyonga mwenye pembe tatu
aliyekutazama wewe kwa jicho moja, mimi kwa jingine,
kama hakimu wa kesi ya ndoa.

Ulinichumbia kinamasini, bila neno.
Mguu wako ulizama hadi pajani
kati ya vishungi vya nyasi; nikakuvuta kwa mkanda wa begi,
ukatoka wewe, kiatu kikabaki.
Kipo hadi leo, namba arobaini na tatu, kimetulia.
Ulishuka siku mbili na mguu mmoja ndani ya mfuko wa unga,
ukipiga mluzi.
Nikasema moyoni: huyu anazeekeka naye.

Leo goti langu limegoma.
Tumeishia hapa, kwenye shamba la mwisho la kahawa,
msitu hatua chache mbele yetu kama mlango wa jirani,
Nyamwamba ikinguruma chini, chai kwenye chupa,
nami nataka kulitua jambo
nililolibeba miaka kumi na tisa.

Usiku ule, karibu na barafu,
ulipotapika ukakaa juu ya jiwe, ukasema nenda,
nenda na Muhindo, kaiguse nzururu kwa niaba yetu,
nilikwenda.
Nilihesabu hatua arobaini. Kisha nikarudi.
Tangu hapo umewasimulia wote, harusini, matangani,
hata karani wa benki pale Kasese:
"Mke wangu aliiacha theluji akanirudia mimi."
Nami hutabasamu, nikagawa karanga.

Thembo, sikurudi kwa sababu yako.
Kamba ilikuwa imekakamaa, giza lilikuwa na mdomo,
na chini ya mguu wangu barafu ilisema neno,
moja tu, kama bawaba ya mlango
katika nyumba isiyo na mtu.
Niliogopa. Basi.
Ningekuwa jasiri
ningekuacha juu ya jiwe lile, nikafika.

Unamimina chai. Unaipuliza.
Mbuzi wa mtu anakula kamba ya begi lako, hatumfukuzi.
"Nilijua," unasema.
"Taa yako ya kichwani ilikuwa inatetemeka,
nami kule kwenye jiwe nilikuwa naiomba iogope."

Sijui nicheke au nikupige.

Wanasema barafu ile imejivuta juu zaidi,
na pale nilipokanyaga hatua ya arobaini
sasa ni mwamba mtupu, mkavu,
hata mtoto angepita akila muwa.
Kwa hiyo hofu yangu haina tena mahali duniani
ila hapa, kati ya kikombe chako na changu.

Nipe mkono, nasema. Goti hili.
Unanyanyuka, unamnyang'anya mbuzi kamba,
na kwa mara ya kwanza unatangulia wewe,
bega lako likiwa chini ya kiganja changu.
Njia ni utelezi.
Kijiko kinaanza.