Kabla ya Zofia

Theluji ya mwisho imeyeyukia nyuma ya banda,
imeacha glavu moja ya Walenty, ile aliyoitafuta tangu Desemba
akinituhumu mimi, kisha akimtuhumu mbwa.
Nimeitundika kwenye kigingi ikauke.
Mwenyewe yuko ndani, nyonga imetiwa vyuma,
kiti amekisogeza dirishani,
na kila nikiinama, kioo kinagongwa.

Akigonga mara moja: simama.
Mara mbili: si hapo.
Mara tatu sijawahi kuelewa.
Nadhani ni chai.

Miaka thelathini na tisa bustani hii ilikuwa yake.
Mimi nilikuwa mtu wa mitungi ya kioo: kusindika matango,
kuchemsha cheri, kuandika mwaka juu ya vifuniko.
Mpini wa jembe nilikuwa naukwepa ukumbini tu.
Sasa nazamisha uma wa chuma, nauegemea kwa uzito wangu wote,
na udongo unafunguka shingo upande,
mweusi, mzito, umejaa nyungunyungu
wanaojikunjua kama watu walioamshwa mapema Jumapili.

Nimeng'oa sangari, toroli nne.
Nimelisugua pipa la mvua, na ndani yake nimekuta
kijiko chetu cha sukari.
Gerwazy wa jirani ameleta samadi ya farasi,
akaimwaga getini. "Bila hii, Otylia, utavuna majuto."
Akatazama dirishani, akavua kofia
kama mtu apitaye penye msiba.
Kioo kikagongwa kwa hasira.
Hajafa.

Miche ya nyanya ishirini na sita imekaa jikoni tangu Machi,
shingo ndefu, inauegemea mwanga.
Tarehe kumi na moja Mei jua likawaka
hata paka akahamia kivulini.
Nikaanza kuitoa nje.
Ko. Ko. Ko-ko-ko.
Nikafungua dirisha. "Nini?"
"Bado Pankracy, bado Serwacy, bado Bonifacy,"
akahesabu kwa vidole, "na nyuma yao Zofia mwenyewe.
Watakatifu hao wana barafu mfukoni. Subiri siku tano."
"Watakatifu wako," nikasema, "hawajatazama kipimajoto."
Nikafunga dirisha.
Nikapanda yote.

Usiku wa tarehe kumi na nne anga likasafika mno,
nyota zikawa kali kama chumvi.
Nililala jicho moja wazi.
Saa nane nikasikia magongo ukumbini,
nikamkuta mlangoni, koti juu ya pajama,
shingoni amejitwika shuka zetu za harusi,
zile za kitani, ambazo hatujapata kuzitandika
kwa kuwa ni nzuri mno.
"Tunamwekea nani?" akasema.

Sikujibu. Hakunisuta.
Nilifunika, yeye akashika tochi,
mwanga ukacheza juu ya matuta kwa mtetemo wa mkono wake.
"Kushoto. Umeusahau mmoja."
Mara ya kwanza tangu majira haya yaanze,
sauti yake ilinifikia bila kupitia kioo.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, zikivunjika chini ya kiatu.
Nikainua shuka, pembe baada ya pembe.
Miche ishirini na mitatu imesimama wima.
Mitatu imeungua, myeusi kama tambi za mshumaa.
Hiyo, anasema, ni haki yake Zofia.
Hiyo, nasema, ni ya ukaidi wangu.
Hakubisha, na hilo lilinitisha kuliko sakitu.

Shuka nimezifua, zimebaki na doa la udongo
lenye umbo la kisigino. Leo tutazitandika hivyo hivyo.

Kiti kimehamia nje, karibu na vitunguu.
Amevaa ile glavu moja, anachambua mbegu za maharage,
mbovu anawatupia kuku wa Gerwazy kupitia uzio.
Mimi natia mboji kwenye mashimo ya matango.
Nikiinama, anagonga ndoo.

Mara tatu.
Maana yake bado siijui.
Naenda kuinjika maji.