Wewe Ukifa, Nani Atafungua?

Tulikaa watano katika ofisi ya ushirika
bonde la Alazani, mavuno yameisha juzi,
kucha za Nugzari bado nyeusi kwa zabibu,
kompyuta yangu juu ya kreti iliyopinduliwa.

Tovuti ya zamani haikufa kwa ugonjwa.
Ilifungiwa.
Kampuni ya mjini ilipandisha kodi mara mbili,
kisha ikafilisika, ikatokomea
na picha za mavuno tisa,
na majina ya wateja,
na sauti ya marehemu Otari akifundisha
kuziba mtungi kwa udongo.
Kumbe tulikuwa wapangaji
katika nyumba tuliyoijenga wenyewe.

Nikawaambia: zipo programu huria.
Hii hapa ina umaarufu na vikorombwezo elfu moja,
ila usipoisasisha mwezi mmoja tu
wezi huingia bila hata kubisha hodi.
Hii ya pili ni ngome.
Lakini ngome hutaka askari, na sisi tuna Zaza,
na Zaza yuko shule hadi saa tisa.
Ya tatu nyepesi, haina hata hifadhidata;
kurasa zake ni mafaili
unayatia mfukoni, unaondoka nayo.

“Bei?”
“Bure.”
Nugzari akacheka hadi kreti ikatikisika.
“Cha bure hunitia baridi mgongoni.”
Si bure tu, nikasema, ni huru.
Maneno yanafanana kwa mbali, kama binamu
wasiosalimiana.

Nilikuwa na jedwali la safu kumi na saba:
kasi, usalama, violezo, leseni.
Lamzira, mtunza hesabu, hakulitazama.
Akavua miwani.
“Wewe ukifa, nani atafungua?”

Safu hiyo sikuwa nayo.

Akakanyaga sakafu mara mbili.
Chini yetu mitungi imezikwa hadi shingoni,
na kila masika mtu mwembamba huingia ndani
na brashi ya magome ya mcheri, anasugua
huku akiimba, ili walio juu
wajue bado anapumua.
“Kazi hiyo,” akasema, “wanaijua watu kumi na wanne.
Kumi na watano, Zaza akiacha kunenepa.”

Tukachukua ya tatu.
Vitufe vyake havikujua Kijojia;
Lamzira akavitafsiri majira yote ya baridi,
maneno mia nne na kumi na mawili, kwa penseli,
akagombana na Nugzari siku mbili nzima
juu ya neno moja: “hifadhi”.
Tukayatuma kwa walioiunda.
Wakajibu: asanteni, sasa ni ya wote.

Fomu ya maagizo inagoma hadi leo.
Nugzari bado anasubiri ankara.

Ila jana nilifungua daftari la mali ya ushirika,
na katikati ya
*mashine ya kukamua, mbili*
na *ngazi ya mtungini, moja*,
kwa mwandiko ule wa penseli:
*tovuti, moja.*